Pantoni, Duara na Helikopta: Historia ya Kumwahi Mgonjwa Shinyanga na Geita

Aprili 1944, katika misitu ya Burma, luteni wa Marekani aitwaye Carter Harman alitumwa na helikopta ndogo ya Sikorsky kwenda kuwachukua watu 4 waliokwama nyuma ya majeshi ya Japani: rubani mmoja ambaye ndege yake ilikuwa imeanguka, na askari 3 wa Uingereza aliokuwa amewapakia. Helikopta yenyewe ilibeba rubani wake na abiria mmoja tu. Joto lilikuwa kali, injini ikawa inachemka, na kila baada ya safari ilibidi asubiri ipoe. Tarehe 25 na 26 akaenda na kurudi, akimtoa mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Wanahistoria wa tiba ya dharura huitaja kazi hiyo kuwa mara ya kwanza helikopta kuokoa majeruhi vitani.

Mwaka huohuo askari wa jeshi la KAR (King's African Rifles) kutoka Tanganyika, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa miongoni mwao, walikuwa wakipelekwa Burma. Waliojaliwa kurudi walirudi nchi ambayo mgonjwa mahututi alibebwa kwa kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne mabegani, wengine wanne nyuma wakingoja kupokezana. Mwenye ng'ombe alimpakia mgonjwa wake kwenye mkokoteni. Mwenye baiskeli alimketisha nyuma na kumfunga kiunoni kwa kanga asidondoke. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imepita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, lakini treni haina mazoea ya kusimama porini kwa sababu ya mtu mmoja anayevuja damu.

Lakini ndege zilikuwepo. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga, na kwa miaka michache pakasimama pale mji mzima ndani ya ua: nyumba za bati, shule, hospitali, umeme, na kiwanja cha ndege. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Kwa hiyo anga la Usukuma lilizoea mapema mlio wa injini. Kilichopita juu kilikuwa almasi, barua, vipuri, wakubwa wa kampuni na wageni wao. Mfanyakazi wa Mwadui aliyeumia alitibiwa hospitali ya mgodi, na ilikuwa hospitali nzuri. Jirani yake wa upande wa pili wa ua alikuwa na waganga wake, na misheni ya Kolandoto kama angefika. Williamson mwenyewe alikufa kwa saratani ya koo palepale Mwadui Januari 1958, akiwa na miaka 50, akazikwa huko. Mwaka huo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kazi ya kumfikia mgonjwa wa kawaida kwa ndege ilikuwa imeanza rasmi Afrika Mashariki. Madaktari 3 wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walikuwa wamelifikiria jambo hilo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Tanganyika. McIndoe alijulikana duniani kwa kuwatengeneza upya sura marubani walioungua katika Vita vya Pili. Wood alijifunza urubani ili asipoteze siku nzima barabarani kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika la madaktari wanaoruka, ambalo leo tunaliita AMREF, makao yakiwa Nairobi.

Watu husahau kwamba sehemu muhimu ya mpango ule haikuwa na mbawa. Ilikuwa redio. Hospitali za misheni zilizotawanyika kutoka ziwani hadi Turkana ziliwekewa redio za masafa marefu, na kwa saa maalumu muuguzi aliita Nairobi, akataja homa, mapigo ya moyo, damu iliyomwagika, akaambiwa la kufanya. Mara nyingi mazungumzo yaliishia hapo na mgonjwa akapona bila ndege kuwashwa. Ikibidi ndege ije, wanakijiji waliambiwa wafyeke uwanja na wafukuze ng'ombe.

Mbona hawakutumia helikopta, wakati Korea miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa wakifunga machela 2 nje ya helikopta za Bell na kuwatoa majeruhi kwa maelfu? Umbali ndio uliokataa. Helikopta inakula mafuta mengi, inaenda polepole kuliko ndege ya mbawa, inahitaji fundi karibu nayo muda wote, na baada ya kilomita mia kadhaa lazima ishuke kujaza tangi. Ndege ndogo ya injini moja iliyotoka Nairobi iliweza kufika Usukuma, kutua kwenye nyasi, kumpakia mgonjwa na kurudi. Helikopta ni chombo cha safari fupi, na safari fupi ina maana tu kama chombo kimelala jirani. Ujerumani walilielewa hilo: Novemba 1, 1970 walipoiweka Christoph 1 kule Munich, waliiweka hospitalini, daktari na rubani wakikaa jengo moja wakisubiri simu. Baadaye zikatawanywa nchi nzima, kila moja na eneo lake la dakika chache. Marekani nako, daktari R Adams Cowley wa Baltimore alikuwa akihubiri kwamba mtu aliyeumia vibaya huamuliwa na saa yake ya kwanza.

Saa ya kwanza ya mgonjwa wa Geita ilikuwa ikiishia majini.

Tazama ramani. Ghuba ya Mwanza imeingia nchi kavu kwenda kusini, ikaitenga Mwanza upande mmoja na Sengerema na Geita upande mwingine. Mwaka 1971 ilifunguliwa Bugando, hospitali kubwa iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima cha Mwanza, na tangu hapo ndiyo imekuwa mahali pa rufaa kwa kanda nzima: mifupa iliyosagika, vichwa vilivyopasuka, watoto njiti, figo. Kutoka Geita, Bugando iko kilomita 84 hivi kwa njia ya anga. Kwa barabara ni zaidi ya hapo, na katikati kulikuwa na pantoni la Busisi na Kigongo. Kuna pia kivuko cha Kamanga kinachoingia Mwanza mjini moja kwa moja, lakini maji ni yaleyale na kungoja ni kulekule.

Safari ya majini ilichukua dakika 35 hivi. Kungoja ndiko kulikoua, maana kuliweza kufika saa 2. Magari yalipanga foleni, mabasi yalishusha abiria, akina mama wakapita na samaki wa kukaanga na mahindi. Gari la wagonjwa lilipewa nafasi ya kwanza, hilo nalisema kwa haki, dereva hakuhitaji kubembeleza mtu. Lakini nafasi ya kwanza haina maana pantoni lenyewe likiwa ng'ambo. Ndani ya gari lile muuguzi alikuwa na hesabu yake. Mtungi mdogo wa oksijeni una lita 680 hivi. Mgonjwa akipewa lita 10 kwa dakika, mtungi unaisha kwa saa moja na dakika chache. Muuguzi mwenye akili anapunguza hadi lita 6, anatazama midomo ya mgonjwa kama inageuka rangi, anaongeza tena, huku akiangalia majini pantoni liko wapi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kumalizika ndani ya saa 2 tangu damu ianze kumwagika, na saa hizo zinaanza kuhesabika zahanati, kabla hata gari halijapatikana.

Halafu ikaja dhahabu, au tuseme ikarudi, maana Geita ilichimbwa tangu enzi za wakoloni hadi miaka ya 1960 kisha ikalala. Miaka ya 1990 serikali ilifungua mlango kwa makampuni makubwa. Bulyanhulu, ambako Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu, ilianza kuzalisha mwaka 2001. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000. Buzwagi, mlangoni mwa mji wa Kahama, ukafuata mwaka 2009. Kila mgodi mkubwa ulikuja na zahanati yake yenye viyoyozi, kikosi chake cha uokoaji, kiwanja cha ndege karibu, na bima ambayo mfanyakazi akizidiwa humtoa kwa ndege hadi Dar es Salaam, Nairobi au Johannesburg. Ndani ya ndege hizo kuna mashine ya kupumulia, daktari wa dharura na muuguzi wa wagonjwa mahututi. Sina ugomvi na utaratibu huo. Mtu anayeteremka mita mia kadhaa chini ya ardhi kwa mkataba ana haki ya kutolewa vizuri. Ninachosema ni kwamba mipaka ya huduma ya anga ilichorwa palepale ulipochorwa ua wa Mwadui, na nusu karne ilikuwa imepita.

Nje ya ua kuna maduara. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, upana wake mtu na ndoo, limeshikiliwa kwa matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisibomoke. Mvua ikinyesha udongo unalegea, timba linakatika, kifusi kinashuka. Wanaookoa huwa ni walewale waliokuwa duara la jirani, kwa sululu na ndoo na kamba. Wanapofika kwa mtu aliyebanwa miguu na mwamba kwa saa nyingi, kila mmoja hutaka kumvuta haraka, na hapo ndipo wengi hufa bila wenzao kuelewa kwa nini. Misuli iliyobanwa muda mrefu inakufa na kujaa potasiamu. Jiwe likiondolewa ghafla, sumu ile inarudi kwenye damu na kuusimamisha moyo. Mtu aliyekuwa akiongea na kuomba maji anakata roho dakika chache baada ya kutolewa. Dawa yake inaanza kabla jiwe halijaguswa: drip ya maji ya chumvi mkononi, palepale shimoni, kisha polepole mzigo unainuliwa. Helikopta iliyotua juu ya shimo na injini inawaka haimsaidii mtu huyu kama hakuna aliyeteremka na drip.

Mwishoni mwa mwaka 2015 nchi ilisimama kusikiliza habari za Nyangarata, Kahama. Wachimbaji waliofukiwa mwanzoni mwa Oktoba walisikika sauti katikati ya Novemba, ndugu zao wakiwa wameshakubali kwamba wamekufa. Watu 5 walitolewa hai baada ya siku 41. Walikuwa wamekula mende na vyura, wakanywa maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Walipelekwa hospitali ya Kahama. Januari 2017, katika mgodi wa RZ Union huko Geita, watu 15, mmoja wao raia wa China, walikwama chini kwa siku 3 wakatolewa wote wazima. Agosti 11, 2025 ikawa zamu ya Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 katika mgodi wa kikundi cha Chapakazi, na hao wengi hawakubahatika. Ukisoma habari za matukio haya matatu kwa mfululizo utaona mwendo wa gari kutoka mgodini hadi hospitali hautajwi kama tatizo. Tatizo ni kufika chini.

Katika miaka hiyo ya migodi helikopta nazo zilianza kuonekana Usukuma, kwa kazi nyingine. Uchaguzi wa mwaka 2005 Freeman Mbowe wa CHADEMA alizunguka nchi kwa helikopta, na vyama vingine havikukaa nyuma chaguzi zilizofuata. Watu waliiita chopa. Uwanja wa shule ulijaa tangu asubuhi, vumbi likapanda, watoto wakakimbia kuelekea kwenye mapanga, polisi wakawarudisha kwa fimbo, mgombea akahutubia dakika 20 na kuondoka. Nadhani kwa vijiji vingi vya Shinyanga na Geita hiyo ndiyo helikopta pekee iliyowahi kutua, na ilitua kutafuta kura. Faida moja ilipatikana bila kukusudiwa: ilithibitika kwamba karibu kila kijiji kina uwanja unaotosha.

Nyingine zililinda wanyama. Januari 29, 2016, katika pori la akiba la Maswa, ambalo wilaya zake zilikuwa mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuzaliwa mwaka 2012, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa akishirikiana na vyombo vya dola kuwasaka majangili waliokuwa wameua tembo. Wakamfyatulia risasi kutoka chini. Alijeruhiwa, akajitahidi akaishusha helikopta, akafa kabla ya kuokolewa. Rubani alikufa karibu na chombo ambacho kwingineko duniani kingekuwa ndicho kimekuja kumchukua.

Huku chini, hatua ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko zote ilikuwa ikipikwa bila makelele. Wataalamu wa afya ya uzazi wamesema tangu miaka ya 1990 kwamba mama mjamzito huuawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kuwatumia wanawake wenye fistula nauli ya basi kwa M-Pesa, kwa sababu iligundulika kwamba matibabu yalikuwa ya bure lakini nauli haikuwepo. Kutokana na fikra za aina hiyo, katikati ya muongo uliofuata, Vodafone Foundation, Touch Foundation na washirika wao pamoja na serikali walianza majaribio Sengerema na mkoani Shinyanga. Mpango huo leo unaitwa m-mama.

Unafanya kazi hivi. Mama amejifungulia zahanati ya kijiji, damu haikati. Mhudumu, au hata mume, anapiga 115 bila malipo. Anayepokea ni muuguzi aliyefunzwa, ameketi mbele ya kompyuta katika hospitali ya mkoa, anauliza maswali kwa mpangilio: damu imelowesha vitenge vingapi, ana fahamu, mikono imekuwa ya baridi? Programu inamwambia hali ni ya dharura kiasi gani na kituo kipi cha karibu kina uwezo wa kumpokea. Gari la wagonjwa likiwa karibu, linakwenda. Likiwa mbali, au limeharibika, muuguzi anampigia dereva wa kijijini aliyeandikishwa mapema, mwenye teksi yake au Noah inayobeba abiria siku zote. Dereva anakwenda hata saa 8 usiku. Akimfikisha mama, kituo kinathibitisha na malipo yake yanaingia kwenye simu. Mama halipi kitu.

Ukiiangalia kwa makini, hii ni redio ya miaka ya 1960 iliyorudi ikiwa na magari mengi zaidi. Kazi ngumu inafanywa na mtu anayejua kuuliza na anayejua nani yuko wapi. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huo kitaifa. Takwimu za taifa za vifo vya uzazi zilionyesha 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16, zikashuka hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Wapo watakaompa dereva wa Noah sifa yote ya tofauti hiyo, na hilo si kweli: mpango ulikuwa haujasambaa nchini tarakimu ya pili ilipochukuliwa. Kuna vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, kuna damu, kuna wakunga walioongezewa ujuzi. Dereva ana fungu lake humo.

Ziwani walijaribu kitu kingine. Mwaka 2018 kampuni za Kijerumani, DHL na Wingcopter, pamoja na shirika la GIZ, zilirusha ndege isiyo na rubani kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40, ikiwa imebeba dawa, ikarudi na sampuli za maabara. Chombo hicho kinapaa wima kama helikopta kisha kinalala na kuruka kama ndege. Majaribio yalifaulu. Mwaka huohuo, Septemba 20, MV Nyerere ilipinduka mita chache kabla ya kufika gati la Ukara, kisiwa cha jirani, na zaidi ya watu 220 wakafa. Ndege ndogo inaweza kupeleka dawa kisiwani. Watu bado wanavuka kwa vyombo vya majini.

Sasa tuje kwenye helikopta yenyewe, kwa sababu kila baada ya ajali kubwa Kanda ya Ziwa mtu husimama na kuuliza kwa nini hatuna.

Ina sifa ambazo gari halina. Inaruka chini, kwa hiyo hewa iliyonaswa kifuani mwa mtu aliyevunjika mbavu haipanuki kama ndani ya ndege inayopanda juu sana. Haijali mto uliofurika. Lakini Geita iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Septemba jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, mapanga yanakosa cha kushika, rubani analazimika kupunguza mafuta au mtu. Ndani hakuna nafasi ya kufanya kazi: kelele ni nyingi kiasi kwamba daktari hawezi kusikia pumzi ya mgonjwa kwa kipimo cha masikioni, anategemea mashine. Ndiyo maana mgonjwa hutayarishwa kabla hajapakiwa. Kama anahitaji mpira wa kupumulia, anawekewa ardhini. Maana yake zahanati inayoita helikopta inapaswa kuwa na mtu wa kufanya hivyo, au helikopta imlete, na mtu wa namna hiyo nchini kwetu ni wa juzi tu: idara kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo ndipo mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yalipoanza.

Kilimanjaro helikopta za uokoaji zimefanya kazi kwa miaka kadhaa. Mlima una wageni wenye bima, bima inalipa, kwa hiyo helikopta inakaa Moshi ikisubiri. Hata huko si salama: Desemba 2025 helikopta iliyokuwa kwenye kazi ya kuokoa wagonjwa ilianguka upande wa kambi ya Barafu na watu 5 wakafa.

Tuseme basi kuna helikopta Arusha, uiite Geita. Ni karibu kilomita 500. Kwa mwendo wa kilomita 220 kwa saa ni zaidi ya saa 2 angani, ukiacha muda wa kuiandaa, kibali, na mahali pa kujaza mafuta. Ikiwa imelala Mwanza, dakika 25 hivi ingekuwa imefika. Katika miaka ya pantoni hesabu hiyo ya Mwanza ilikuwa na nguvu sana. Ingeokoa watu, na hakuna aliyeilipia.

Juni 19, 2025 hesabu ilibadilika. Rais Samia alifungua Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, urefu wa kilomita 3 juu ya maji, jiwe la msingi likiwa limewekwa na Magufuli mwenyewe Desemba 2019. Dakika 35 za majini na zile saa za foleni zimekuwa dakika 4 hivi. Gari la wagonjwa la Geita sasa linaweza kufika Bugando kabla helikopta ya Arusha haijavuka Serengeti. Serikali ilipojenga daraja ilikuwa ikifikiria malori, samaki, madini na magari yaendayo Rwanda na Uganda. Mgonjwa wa rufaa alipata nafasi humo, naye kwa mara ya kwanza katika historia niliyoieleza amepita njia moja na dhahabu.

Wamebaki wa visiwani: Ukara, Kome, Maisome. Wamebaki wa Meatu wakati wa masika, mito inapokata barabara. Hao daraja haliwahusu, na kwao helikopta iliyolala Mwanza ingekuwa na kazi ya kweli. Ikinunuliwa siku moja, naona mambo mawili ya kupigania mapema. La kwanza, iitwe kwa 115, na muuguzi yule wa kwenye kompyuta ndiye aamue iende au isiende, bila kuuliza kadi ya bima wala jina la mgodi. La pili, bajeti ya mafuta na fundi iandikwe ya miaka 10, kwa sababu magari ya wagonjwa yaliyosimama juu ya mawe kwa kukosa tairi tunayo ya kutosha.